Hita ya lori inapuliza baridi ukishapita Iringa: anza na maji, usianze na duka la spea

Swali: "Fundi, shikamoo. Naendesha Scania R420 ya mtumba, kichwa bapa, Dar kwenda Ndola. Tangu mwezi wa sita, nikishapita Iringa usiku hita inapuliza baridi hata nikizungusha swichi mpaka mwisho wa nyekundu. Nikikanyaga mafuta joto linakuja kidogo, nikiachia linakata. Geji ya joto la injini inalala chini nikiwa tambarare, lakini kwenye mlima wa Kitonga ilipanda mpaka nikasimama. Maji naongeza kama lita moja kila baada ya siku mbili na sijaona yanapodondokea. Fundi mmoja anasema gesi ya AC imekwisha, mwingine anasema tununue rejeta ya hita. Bosi anauliza anunue nini."

Jibu:

Marahaba. Mwambie bosi kwanza asinunue kitu.

Huyo wa gesi ya AC mshukuru umwache aende zake. Gesi inaleta ubaridi tu. Joto la kebini kwenye lori lako linatoka kwenye maji ya injini: pampu ya maji inasukuma sehemu ndogo ya maji ya moto kupitia mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, na hewa hiyo ndiyo inayokufikia miguuni. AC inaweza kuwa imekufa kabisa na hita bado ikakuchoma. Huyo wa rejeta ya hita anaweza kuwa sahihi, lakini amekimbilia kazi ya mwisho kabla ya kufanya ya kwanza. Kuifikia rejeta hiyo ni kubomoa dashibodi, na kwa barua uliyoandika mimi nisingeigusa bado.

Barua yako imeshasema mengi. Joto kuja ukikanyaga mafuta na kukatika ukiachia maana yake maji yanafika kwenye hita kwa shida: pampu ikizunguka kwa kasi inayalazimisha kupita, ikipunguza kasi yanabaki chini. Kuongeza lita moja kila siku mbili maana yake mfumo unapoteza maji, na nafasi ya maji yaliyopotea inakaliwa na hewa. Kwenye lori la kichwa bapa hita iko juu, ndani ya kebini, injini iko chini yako, kwa hiyo hewa hukimbilia huko huko kwenye hita na kujikalia. Geji kulala tambarare kisha kupanda Kitonga ni habari nyingine, na hiyo nina mashaka nayo zaidi kuliko hita yenyewe. Nitaifikia.

Anza na mipira. Washa injini iungurume mpaka geji ipande kadiri inavyoweza, weka hita kwenye joto la mwisho na feni kwenye kasi kubwa, halafu itafute mipira miwili inayoingia kebini. Kwenye lori kama lako unaweza kuhitaji kufungua grili ya mbele, au kuinua kichwa. Ukiinua kichwa, zima injini kwanza, vuta handibreki, weka magogo kwenye tairi, toa jiko na ndoo kebini, na hakikisha kichwa kimefika mwisho kabla mtu hajaingia chini yake. Ukikishusha, angalia mipira hiyo haijabanwa wala kujikunja, maana inapinda kila kichwa kinapoinuliwa na ikizeeka inakunjika ndani bila kuonekana nje. Kama una kipimajoto cha kuelekeza, kile cha mwanga mwekundu, vizuri. Pima kwenye mpira wenyewe, si kwenye bomba la chuma linalong'aa, kwa sababu chuma kinachong'aa kinakidanganya. Kama huna, mkono unatosha, uguse kwa haraka.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita vizuri na ugonjwa uko upande wa hewa, ndani ya dashibodi. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili wa baridi, maji yanaingia na hayatoki: hewa, vali, au rejeta ya hita imeziba. Yote miwili ikiwa vuguvugu, injini yenyewe haina joto la kugawa. Hita nzima, injini ikiwa kwenye nyuzijoto 80 na kitu, mpira wa kuingilia huwa 75 au zaidi na wa kutokea umepungua kwa 10 hadi 20 hivi. Ukikuta wa kutokea una 35, maji yanatambaa tu humo ndani.

Sasa maji. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko cha tangi la akiba uangalie kiwango. Nasema asubuhi kwa sababu kufungua kifuniko cha moto ni kujitafutia kovu la uso. Mfumo ukiwa chini ya mgandamizo, maji yanakaa zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiachia mgandamizo ghafla yanalipuka kuwa mvuke mkononi mwako. Na huko uliko hali ni kali zaidi kuliko Dar: kwenye mwinuko wa mita 1,800, maji yasiyo na mgandamizo yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana kifuniko kibovu, ambacho spring yake imelegea au mpira wake umekatika, kinaweza kukuchemshia lori milimani huku Chalinze likiwa halina neno. Kifuniko ni spea ndogo na watu wanakidharau. Soma namba ya mgandamizo iliyoandikwa juu yake na ununue ileile, si chochote kinachoingia kwenye uzi.

Jaza maji taratibu, huku kitufe cha hita kikiwa kwenye joto la mwisho na swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, maana kama vali ya hita ni ya umeme na umezima kila kitu, utajaza injini na kuiacha hita tupu. Simamisha lori tambarare au pua ikiwa juu kidogo. Kama kuna nati za kutolea hewa, zifungue mpaka maji yatoke bila mapovu kisha uzifunge. Washa, iache injini kwenye mizunguko 1,000 au 1,200 hadi mpira wa juu wa rejeta kubwa uwe wa moto, zima, subiri ipoe kabisa, ongeza tena. Hewa haitoki kwa mara moja. Hita ikipata moto hapo na kuendelea kuwa na moto, umeponya dalili, lakini lita yako moja ya kila siku mbili bado inaenda mahali.

Inaenda wapi? Kwanza chunguza mahali ambapo haidondoki: zulia la kebini upande wa abiria likiwa na unyevu, harufu tamutamu, vioo kushika ukungu wenye mafuta, hapo rejeta ya hita inavuja na yule fundi wa pili amepatia. Chunguza tundu la chini la pampu ya maji. Pampu ikichoka huacha alama nyeupe au ya rangi ya kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya injini, hapo. Chunguza vibano vya mipira asubuhi, si jioni: chuma na mpira vikipoa vinasinyaa na uvujaji unaonekana wakati huo, mchana tone linakauka juu ya injini kabla hujaliona.

Kama nje kote ni kukavu, washa injini ya baridi ukiwa umefungua kifuniko na utazame tangi. Mapovu yanayokuja mfululizo bila kukoma yana maana kuna kitu kinapuliza ndani ya maji. Hapa mafundi wengi hutamka neno moja tu, gasketi, na siku hiyo hiyo silinda hedi inakuwa chini. Subiri. Lori lina kitu ambacho gari dogo halina: kompresa ya upepo wa breki, nayo inapozwa na maji haya haya ya injini. Hedi yake ikipasuka au gasketi yake ikiungua, upepo wa breki unaingia kwenye maji, unajaza hita hewa, unasukuma maji nje kupitia kifuniko, na dalili zote zinafanana na za gasketi ya injini. Kuzitofautisha hakuhitaji mashine. Tazama geji ya upepo: mapovu yakiwa mengi kompresa inapojaza matangi na kupungua inapoachia, mshitakiwa ni kompresa. Kuthibitisha, ukiwa umesimama na tairi zimezuiwa, matangi yakiwa matupu, legeza bomba la upepo linalotoka kompresa ili upepo utoke nje, kisha washa tena. Mapovu yakikoma, silinda hedi yako haina kosa na bosi ameokoa wiki nzima ya gereji. Bomba hilo huwa la moto sana, lisubiri lipoe, na lirudishe likiwa limekazwa kabla hujafikiria kuondoka.

Mapovu yakiendelea vilevile, hapo ndipo gasketi ya injini au hedi inaingia kwenye mazungumzo, na kwa injini zenye EGR, mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, kipozeo chake pia kiangaliwe. Dalili inayosaidia: mipira ya maji kuwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto.

Sasa lile lililonishtua zaidi. Geji kulala chini tambarare. Injini ya dizeli ya saizi hiyo ikiwa na mzigo inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 iwe Dar, iwe Makambako. Kazi ya kuishikilia hapo ni ya themostati, vali inayojifungua na kujifunga yenyewe kufuata joto la maji. Na huku kwetu themostati ndiyo kitu cha kwanza kutupwa: lori linashuka bandarini, fundi anasema "hii ni ya nchi za baridi", anaing'oa, anafunga. Dar es Salaam huoni tofauti. Ukifika Mafinga saa nane usiku rejeta kubwa inapigwa na upepo wa baridi bila kizuizi, injini inashuka hadi nyuzi 60, na hita inagawa kile ilichopewa.

Lakini kwa nini basi ikapanda Kitonga? Hapa ndipo wengi hawaamini mpaka waone. Themostati za injini nyingi za malori zina vichwa viwili. Maji yana njia mbili: fupi, inayorudi injini moja kwa moja, na ndefu, inayopita kwenye rejeta. Injini ikiwa ya baridi themostati inafunga ndefu na kuacha fupi wazi. Ikipata moto inafungua ndefu na wakati huohuo kichwa cha pili kinaziba ile fupi, ili maji yote yakapoe. Ukiing'oa, njia zote mbili zinabaki wazi siku zote. Kwenye tambarare ya baridi maji yanayopita rejeta yanatosha kuipoza injini kupita kiasi. Kwenye mlima, tani zote zikiwa mgongoni na gia ya chini, sehemu ya maji inakatisha njia na kurudi injini bila kupoa, nawe unachemka. Kwa hiyo kuing'oa themostati ili lori lisichemke kunaweza kuwa ndiko kunakolichemsha. Uhaba wako wa maji unachangia pia; sisemi ni hili peke yake.

Kulijua ni rahisi. Asubuhi, injini ya baridi, shika mpira mnene wa juu unaoingia rejeta kubwa huku msaidizi wako akitazama geji. Themostati nzima inauacha mpira baridi kwa muda mrefu, kisha geji ikikaribia 80 au zaidi kidogo mpira unakuwa wa moto kwa mara moja. Mpira ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu dakika za mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi. Ifungueni muone. Ikiwepo, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Hata Mbeya, ambako maji yanachemka mapema, jaribio hili linafanya kazi, kwa sababu themostati nyingi za dizeli zinaanza kufunguka kati ya 80 na 90. Hiki, pamoja na kifuniko, ndicho kitu pekee ambacho ningemwambia bosi ajiandae kununua, na anunue yenye namba ya injini yake. Injini inayotembea baridi miezi na miezi inakula dizeli zaidi, oili inakusanya unyevu na kuwa tope, na silinda zinalika. Hita ni hasara ndogo kuliko zote hizo.

Tuseme umejaza maji, umetoa hewa, geji inakaa 85, na bado mpira mmoja ni wa moto na mwingine wa baridi. Tafuta vali ya hita kwenye njia ya mipira hiyo. Malori ya mtumba hukutwa imefungwa makusudi na dereva wa Pwani aliyechoka na joto, au mipira yote miwili imeunganishwa kwa bomba fupi ili maji yasifike kebini kabisa, kwa sababu hita ilivuja zamani na mtu akachagua njia rahisi. Ukikuta hivyo usiirudishe kabla ya kujua kwa nini ilikatwa.

Vali ikiwa wazi, rejeta ya hita imeziba, na chanzo chake karibu kila mara ni maji ya kisima yaliyotiwa bila kulanti, kutu ya injini, au dawa za kuziba rejeta. Binzari, unga wa kopo, vyote vinatafuta tundu dogo la kuziba, na tundu dogo kuliko yote kwenye mfumo ni mirija ya hita. Kabla ya kubomoa dashibodi ioshe kinyumenyume: ondoa mipira yote miwili, tia maji kupitia mpira wa kutokea, acha uchafu utoke kupitia wa kuingilia, endelea mpaka maji yawe meupe. Tumia maji ya bomba la kawaida. Usiunganishe upepo wa gereji moja kwa moja. Matangi ya kompresa yana bar 8 na mirija hiyo haikutengenezwa kwa bar 8, itapasuka ndani ya kebini. Na mtu akikuletea asidi ya betri kusafishia, mfukuze. Ikishindikana kufunguka kwa kuoshwa mara mbili tatu, basi, rejeta ya hita inunuliwe.

Upande wa hewa nitaupita haraka kwa kuwa dalili zako haziko huko. Mipira yote ya moto na hewa baridi ni kimlango cha kuchanganya hewa kilichokwama, au kimota chake, au waya wa kukivuta umechomoka. Zungusha swichi kutoka bluu hadi nyekundu na usikilize kama kuna kitu kinasogea. Hewa kidogo lakini ya moto ni filta ya kebini iliyojaa vumbi. Hakuna hewa kabisa ni fyuzi, rile au feni yenyewe.

Ukimaliza yote, usirudishe maji matupu. Kulanti watu wanaiita dawa ya baridi, kisha wanasema Tanzania hakuna barafu. Kwanza ipo, waulize wa Makete na Kitulo kuhusu sakitu ya mwezi wa saba, na siku mzigo ukikupeleka Johannesburg wakati huo unaweza kulala kwenye baridi ya chini ya sifuri. Pili, kazi yake kubwa kwenye dizeli nzito ni kulinda laina, yaani kuta za silinda ambazo pistoni inapanda na kushuka ndani yake. Laina zinatetemeka, vipovu vinapasuka ukutani mwake upande wa maji, na bila dawa vinachimba vishimo hadi maji yaingie kwenye silinda. Nusu kwa nusu na maji safi yaliyochujwa madini inakulinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka, jambo ambalo Kitonga utalipenda. Usichague kwa rangi. Rangi ni ya mtengenezaji, fuata kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha lori, na usichanganye aina mbili.

Kwa safari hii ambayo tayari uko njiani: unaweza kuendelea kama mapovu hayapo na unaangalia maji kila asubuhi. Usizibe rejeta kwa boksi kuipa injini joto. Utalisahau na mlima hautakusamehe. Ukilala Makambako au Uyole, blanketi. Malori ya Ulaya mengi yana hita ya kulalia inayochoma dizeli yenyewe. Kama yako ipo na inafanya kazi, hakikisha bomba lake la moshi linatoka nje na halijachomoka chini ya kebini. Jiko la mkaa ndani ya kichwa kilichofungwa vioo, hapana, hata kama limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na utingo wako analala karibu nalo kuliko wewe.

Ukishapima niandikie namba nne: geji inasoma ngapi tambarare ukiwa na mzigo, mpira wa kuingilia, mpira wa kutokea, na maji yamepungua kiasi gani baada ya usiku mmoja. Na uniambie kama kwenye nyumba ya themostati mmekuta themostati au mmekuta tundu.